Madhabahu na Duara: Kutoka Shinyanga hadi Geita

Barabara itokayo Shinyanga mjini hupita Tinde, ikafika Isaka kwenye bandari kavu ambako malori ya Rwanda na Burundi hujipanga, kisha ikaingia Kahama. Hadi hapo nchi ni ya ng'ombe na pamba: mawe makubwa yaliyopandana, mbuga za udongo mweusi, majaruba ya mpunga, na hapa na pale ngitili, yale malisho yaliyofungwa ili miti irudi, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza kuyafufua mwaka 1986. Baada ya Kahama njia ya kaskazini hupitia Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, kuelekea Geita, na rundo la mawe yaliyochimbwa huanza kuwa jambo la kawaida kama kichuguu. Vitu viwili huandamana na msafiri njia nzima: makanisa na vibao vya waganga. Makanisa ni ya kila namna, Katoliki, African Inland, Kilutheri, Kisabato, na ya Kipentekoste yaliyoezekwa kwa bati jipya au kwa turubai. Vibao vya waganga huahidi dawa ya mvuto wa biashara, ya kesi, ya mapenzi, na ya mali. Nimeifuata njia hii nikiwa na swali moja la dini: Mkristo wa ukanda huu anapoambiwa kanisani kwamba Yesu ni sadaka, anasikia nini? Naamini jibu linategemea kama amefundishwa sadaka za Israeli ya kale au hakufundishwa, na kwamba kutofundishwa huko kumegharimu maisha ya watu.

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, kutoa kafara kunaeleweka bila maelezo: ni kumwaga damu ili mali ije. Mara nyingi damu inayotajwa ni ya kuku au mbuzi, lakini minong'ono huenda mbali zaidi, na mauaji yamethibitisha kwamba si minong'ono tu. Mwaka 2010 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walichapisha uchunguzi wao juu ya wachimbaji, waganga na mauaji ya watu wenye ualbino katika ukanda huu. Walionyesha kwamba imani hiyo haikutoka moja kwa moja kwenye mila za kale; ilikua pamoja na mbio za kutafuta dhahabu, watu walipoacha jembe na kuingia katika kazi ambayo mmoja hutajirika kwa usiku mmoja na jirani yake, mwenye nguvu na bidii zilezile, akatoka mikono mitupu. Hatari nayo ni ya kila siku. Wilayani Kahama, watu wasiopungua 19 walikufa Aprili 2015 mashimo yalipoingiliwa na maji ya mvua, na mwaka huohuo wachimbaji watano waliokolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Panapokuwa na bahati kubwa kiasi hicho na hofu kubwa kiasi hicho, mtu anayesema anajua bei ya bahati hupata wateja. Kufikia 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaja watu wasiopungua 75 wenye ualbino waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000, na mikoa ya ziwa ndiyo iliyoumia zaidi. Katika kituo cha Buhangija, Manispaa ya Shinyanga, watoto walipelekwa kuishi mbali na wazazi wao kwa sababu nyumbani walikuwa wanawindwa.

Sasa mweke mhubiri katikati ya hali hiyo. Anasema damu ya Yesu ina nguvu, damu inafunika, damu inavunja vifungo. Anasema Yesu ni kafara yetu. Yote hayo Mkristo anaweza kuyakiri. Lakini msikilizaji aliyelelewa kwenye machimbo, akiwa hajafunguliwa kitabu cha Walawi hata mara moja, atayapanga maneno hayo kwenye rafu aliyonayo tayari. Atasikia kwamba kuna nguvu fulani inayotaka damu, kwamba damu ya thamani zaidi huleta matokeo makubwa zaidi, na kwamba damu iliyo bora kuliko zote ilikuwa ya mtu. Kwake Yesu atakuwa kafara kubwa kuliko nyingine, na kanisa litakuwa mganga mwenye dawa kali zaidi. Mtu wa namna hiyo haoni ubaya kwenda ibada Jumapili na kwa mpiga ramli Jumanne, maana akilini mwake ni duka moja lenye milango miwili. Mwaka 2024, katika mkoa jirani wa Kagera, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa amefikisha miaka mitatu aliuawa, na miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo padri. Mashtaka si hukumu, na hilo ni la mahakama. Hata hivyo hakuna kiongozi wa kanisa anayeweza tena kusema kwamba jambo hili ni la wapagani peke yao.

Kwa hiyo inafaa kukifungua hicho kitabu ambacho wahubiri wengi hukiruka. Sura saba za mwanzo za Walawi zinapanga aina tano za sadaka: ya kuteketezwa, ya unga, ya amani, ya dhambi na ya hatia. Msomaji wa haraka huona damu na mafuta tu. Akitulia ataona mipaka, na ni katika mipaka hiyo imani yenyewe ilimofichwa. Wa kwanza ni mahali. Mnyama wa sadaka aliletwa mlangoni pa hema ya kukutania, mchana, mbele ya watu. Sura ya 17 inamhesabia hatia ya damu mtu aliyechinja kwingine. Wa pili ni matumizi. Nyama ya sadaka ya shukrani ililiwa siku ileile, ya nadhiri haikuvuka siku ya pili, na kilichobaki siku ya tatu kilichomwa moto. Damu ilinyunyizwa na kumwagwa madhabahuni, na kuinywa au kuila kulikatazwa kabisa. Hakuna mtu aliyerudi nyumbani na kichupa, mfupa, au unywele wa kufukia shambani. Wa tatu ni uwezo wa mtoaji. Sura ya 5 inasema asiyemudu kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyemudu hata hao alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, kiasi cha lita mbili hivi, naye atasamehewa sawasawa na mwenye kondoo. Kama sadaka ingekuwa bei, lita mbili za unga zisingeweza kununua kile kinachonunuliwa kwa kondoo. Na unga hauna damu hata tone. Mariamu na Yosefu, kwa simulizi ya Luka, walitoa ndege wawili, sadaka ya maskini, baada ya kuzaliwa kwa mtoto ambaye Wakristo wanasema ndiye Mwanakondoo.

Lakini mpaka mkubwa kuliko yote ni mwelekeo wa zawadi yenyewe. Walawi 17 inaeleza kwamba damu ni uhai, uhai ni wa Mungu, na ni Mungu aliyewapa Waisraeli damu hiyo madhabahuni kwa ajili ya upatanisho wao. Mtoaji wa kwanza ni yeye. Kwa mganga wa mali mambo yamepinduliwa: binadamu ndiye anayetoa, na nguvu isiyoonekana ndiyo yenye njaa, inayolishwa ili ilipe. Zaburi ya 50 inalikataa wazo hilo waziwazi, kwa kusema kwamba Mungu hana haja ya kulishwa na kwamba wanyama wote wa milimani ni mali yake tangu hapo. Waislamu wa Kahama na Geita wanaochinja Idi wanalijua fundisho linalokaribiana na hili, kwa kuwa Kurani katika sura ya Hija inasema nyama na damu havimfikii Mungu. Kinachomfikia ni uchaji wa mtoaji. Wazo la Mungu mwenye kiu ya damu halina makao katika dini yoyote kati ya hizi mbili, ingawa wafuasi wa zote mbili hulibeba mifukoni mwao.

Kuna sadaka moja ambayo ningependa ihubiriwe kwenye machimbo kila mwaka, nayo ni ya hatia. Ili uione inavyogusa, angalia dhahabu inavyopatikana Nyarugusu au Rwamagasa. Mwamba hupandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa kamba, hutiwa katika mifuko, na mifuko hugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la waliochimba. Mawe hupelekwa kwenye karasha na kutoka yakiwa unga wa kijivu. Unga humwagwa pamoja na maji juu ya ubao wenye mteremko, uliotandikwa vitambaa vizito vinavyonasa kilicho kizito. Vitambaa huoshwa kwenye beseni, zebaki hutiwa, mkono mtupu huchanganya, kisha kilichoshikana hukamuliwa kwa kitambaa chembamba mpaka kibaki kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge huchomwa, zebaki huondoka na moshi ambao aliyekaa karibu huuvuta, na mabaki ya njano huenda mizani. Kila hatua ina mlango wa wizi: mfuko uliofichwa usiku, unga ulioachwa makusudi ndani ya karasha, mizani iliyochezewa, mshirika aliyeambiwa kwamba safari hii hakikutoka kitu. Walawi 6 inazungumza na watu hawahawa. Aliyemdanganya mwenzake katika amana, aliyenyang'anya, aliyedhulumu, anaamriwa arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano, amkabidhi mwenyewe siku ileile anapoleta kondoo wake. Aliyeficha mifuko mitano anarudisha sita, kisha ndipo kuhani anamshughulikia. Sadaka haikuwekwa iwe njia ya mkato ya kuikwepa haki ya jirani. Yesu mwenyewe, kwa simulizi ya Mathayo, alishikilia utaratibu huo alipomtaka mtoaji aache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, na Zakayo wa Yeriko alirudisha mara nne.

Nafika sasa kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Katika sheria ya Israeli, kuua mtu kwa makusudi hakukuwa na sadaka. Hesabu 35 inakataza kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa muuaji, kisha inasema damu hiyo huitia nchi unajisi, wala hakuna upatanisho kwa nchi ila kwa damu ya huyo aliyeimwaga. Ng'ombe elfu wasingetosha. Kilichokuwapo ni ibada moja ya ajabu katika Kumbukumbu la Torati 21, kwa mtu aliyekutwa ameuawa porini na muuaji hajulikani: wazee na waamuzi walipima umbali hadi mji ulio karibu, na wazee wa mji huo wakashuka bondeni, wakamvunja shingo ndama, wakanawa mikono juu yake na kukiri kwamba hawakumwaga damu hiyo wala kuiona ikimwagwa. Ibada hiyo haikumwachia muuaji. Iliulazimisha mji ujibu. Mambo ya Walawi 20 inaongeza kali zaidi: anayemtoa mtoto wake kwa Moleki auawe, na wenyeji wakifumba macho wasimshitaki, Mungu atakuwa kinyume chao nao. Sheria hiyo ilimhesabu hata jirani aliyesikia jembe usiku akanyamaza. Kwa hiyo kafara ya mtu kwa ajili ya duara haiwezi kuitwa tawi la sadaka za Biblia lililopotoka kidogo. Kwa mizani ya Biblia yenyewe ni dhambi ambayo madhabahu ilifungiwa mlango mbele yake. Daudi, baada ya kupanga kifo cha Uria, hakuwa na mnyama wa kupeleka. Mapokeo ya Zaburi ya 51 yanamwonyesha akiwa na moyo uliopondeka tu.

Ni juu ya ukuta huo Ukristo unajenga mafundisho yake kuhusu Yesu. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, ambaye jina lake hatupewi, anaichukua Siku ya Upatanisho: kuhani mkuu akiingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka, mbuzi mmoja akichinjwa, mwingine akipelekwa jangwani akiwa amebebeshwa dhambi za taifa. Anauliza kwa nini ilirudiwa kila mwaka, na anajibu kwamba damu ya mafahali na mbuzi haikuweza kuondoa dhambi, ilizikumbusha. Kisha anadai kwamba Kristo alijitoa mara moja, na kwamba baada ya hapo hakuna tena toleo kwa ajili ya dhambi. Uzito wote wa waraka ule umekaa kwenye neno hilo la mara moja. Sadaka zinazobaki, anamalizia katika sura ya 13, ni sifa kwa Mungu, kutenda mema na kushirikiana mali. Manabii walikuwa wameanza njia hiyo karne nyingi kabla: Amosi, Isaya, Hosea, na hasa Mika, anayeorodhesha sadaka kwa mlolongo unaopanda, ndama, kondoo dume kwa maelfu, mito ya mafuta, hadi mzaliwa wa kwanza, kisha anakata mlolongo huo kwa haki, rehema na unyenyekevu. Wayahudi nao, baada ya Warumi kulibomoa hekalu mwaka 70, waliishi bila madhabahu kwa sala, toba na matendo ya huruma, na katika karne ya 12 Maimonides alifundisha kwamba Mungu aliruhusu sadaka ili kuliachisha taifa taratibu desturi za miungu mingine. Mkristo hapaswi kulidharau jibu hilo la Kiyahudi. Yeye na Myahudi wanatofautiana kuhusu Yesu, lakini wote wawili wanaisoma Torati ileile kuwa kitabu kinachoufunga mkono wa mwenye kisu.

Mtu atanipinga kwa kunitajia Ibrahimu. Je, Mungu hakuomba mtoto? Aliomba, na kisa cha Mwanzo 22 kinatisha, wala sipendi wanaokilainisha. Lakini kisa hakiishii kwenye ombi. Kinaishia kwa mkono kuzuiwa na kondoo dume kunaswa kichakani, na tangu hapo sheria ya Israeli kuhusu mzaliwa wa kwanza inasema akombolewe. Mungu wa kisa kile hapewi mtoto. Anampa baba mnyama. Atakayenitajia binti wa Yeftha, katika Waamuzi 11, nitamwonyesha kwamba hakuna mstari unaosema Mungu aliagiza au alikubali, na kwamba kitabu hicho kinasimulia taifa linalooza, kila mmoja akifanya aonavyo. Yeftha aliweka nadhiri kama mfanyabiashara, ushindi kwa damu, na binti yake akalipa. Yeye ndiye anayefanana zaidi na mteja wa mpiga ramli katika Biblia nzima, na hakuwekwa pale ili tumwige.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: je, msalaba wenyewe si kafara ya mtu? Baba aliyetoa Mwana ana tofauti gani na baba anayemtoa mwanawe ili atajirike? Hapa Wakristo wenyewe wamekuwa na maelezo kadhaa. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alizungumzia heshima ya Mungu iliyovunjwa na kuridhishwa. Wengine, tangu mababa wa kale, wamesisitiza ushindi juu ya mauti na shetani. Sihitaji kuamua kati yao ili kulijibu swali. Injili ya Yohana inasema Yesu alitoa uhai wake mwenyewe na kwamba hakuna aliyemnyang'anya. Mtoaji na kinachotolewa ni mmoja, na kwa imani ya Utatu mmoja huyo ni Mungu. Aliyeuawa Geita au Bukombe kwa panga la usiku hakujitoa, alichukuliwa. Tena waliomuua Yesu hawakuwa makuhani wakifanya ibada. Walikuwa askari wa Pontio Pilato wakitekeleza hukumu ya dhuluma, na Petro katika Matendo anaiita kazi ya watu waovu. Na yupo mtu mmoja katika Injili ya Yohana aliyeongea kwa lugha ya kafara kama inavyoongewa machimboni: kuhani mkuu Kayafa, aliyewaambia wenzake kwamba inafaa mtu mmoja afe ili taifa lisiangamie. Yohana anaona unabii katika maneno hayo bila msemaji kujua, lakini hamtoi Kayafa hatiani. Mfaransa René Girard, katika kitabu chake cha 1982, alijenga juu ya visa vya namna hii hoja kwamba Injili zinasimulia mauaji ya kafara kwa sauti ya aliyeuawa, akiwa hana hatia, na hivyo kuwavua wauaji kisingizio chao. Kwa macho hayo, Mkristo anayesimama chini ya msalaba yupo upande wa mtoto anayewindwa. Wakatoliki, wanaoamini kwa tamko la Mtaguso wa Trento la 1562 kwamba Misa ni sadaka ileile moja bila kumwaga damu, na ndugu zao wa African Inland wanaoishika Meza ya Bwana kuwa ukumbusho, wanabishana kwa haki juu ya Misa. Juu ya damu mpya hawabishani: hakuna.

Wapo pia watakaosema kwamba ninawatukana Wasukuma na mila zao. Sivyo, na ninalikataa hilo kwa nguvu zote. Kumkumbuka marehemu, kumtengea mnyama, kula pamoja kama ukoo kwa heshima ya masamva, yaani wahenga, ni jambo lenye baba, mama, majina na chakula cha wazi. Padri Charles Nyamiti, mwanateolojia aliyetoka upande wa Tabora, alichapisha mwaka 1984 kitabu kizima kinachomfikiria Kristo kuwa Mhenga wetu, na Laurenti Magesa kutoka Musoma aliandika mwaka 1997 kwamba kiini cha dini ya Kiafrika ni kuutunza uhai wa wote. Mkristo anaweza kutofautiana na sadaka za wahenga, na wengi hutofautiana nazo, bila kuzichanganya na mauaji ya kuuza viungo. Soko la viungo halina ukoo wala mlo wa pamoja. Lina dalali, mteja na bei. Waganga wengi wa mitishamba nao hawajawahi kumgusa mtu. Tukiwatia wote kapu moja, mwindaji anapata pa kujificha katikati ya wasio na kosa.

Pingamizi la mwisho ni la watu wa vitendo: achana na Walawi, hapa inatakiwa polisi, mahakama na ajira. Ninakubaliana nao nusu ya njia. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino wilayani Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Serikali ilipiga marufuku kazi za waganga Januari 2009, na wapiga ramli Januari 2015. Soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019 limeweka mizani ya serikali mahali palipokuwa na mizani ya kichakani. Yote ni mema. Lakini marufuku ya 2015 ilitangazwa kwa sababu ile ya 2009 haikutosha, na haikutosha kwa kuwa mteja alibaki na imani yake. Imani hiyo inabishiwa na imani. Na hapa makanisa mengine yamekuwa yakiilisha badala ya kuipinga. Mhubiri anayemwambia mchimbaji mwenye deni kwamba apande mbegu ya shilingi laki moja ili duara lake lifunguke, anamfundisha hesabu ileile ya mpiga ramli kwa wimbo mtamu zaidi. Amemnyang'anya maskini zile lita mbili za unga ambazo Musa alimwachia. Tunajua makanisa yanaweza kuchukulia madhabahu kwa uzito yakitaka: Februari 2023, mtu alipovunja na kuharibu vitu vitakatifu katika kanisa kuu la Geita, Askofu Flavian Kassala alilifunga hadi ibada ya malipizi ifanyike, na waumini wakaelewa. Uzito uleule unastahili kutangazwa pale mtoto anapopotea kijijini na majirani wamefumba macho, maana kwa Walawi 20 hapo ndipo patakatifu penyewe pamechafuliwa.

Wachungaji, makatekista na mapadri wa Katoro, Nyarugusu, Rwamagasa, Kakola na Masumbwe, msihubiri damu ya Yesu Jumapili hii kabla hamjasoma Hesabu 35 kwa sauti, mbele ya wenye maduara, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Waambieni wazi kwamba hakuna sadaka iliyowahi kukubaliwa kwa ajili ya mtu aliyeuawa ili mwingine apate mali, na kwamba anayejua aliyefanya hivyo, kituo cha polisi kiko wazi leo.